Janga likiingia bwenini, tuwarudishe kwao wanafunzi waliotoka mbali?

Swali: "Daktari, shikamoo. Mimi ni mlezi mkuu wa bweni katika shule yenye wanafunzi 84 wanaolala hapa, waliotoka nchi 19. Wana umri wa miaka 12 hadi 18, na wanalala sita sita katika chumba kimoja. Wakati wa UVIKO-19 tulihangaika sana, na sasa bodi ya shule imeniagiza niandike mpango wa kujikinga na janga lijalo. Wajumbe wamependekeza mambo matatu: kila mwanafunzi aje na cheti cha kipimo kinachoonyesha hana maambukizi, na akishakuwa nacho aingie bwenini moja kwa moja, tununue chemba ya kunyunyizia dawa langoni, na akionekana mgonjwa wa kwanza, wote wasafirishwe kwa wazazi wao. Roho yangu haikubali, ila sina hoja za kitabibu. Ni kitu gani hasa humlinda mtoto aliye mbali na wazazi wake?"

Marahaba, Mwalimu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na nyuma ya maneno yake ninaiona hofu ambayo kila mlezi wa bweni anaijua: kwamba siku moja utapigiwa simu na mzazi aliye ng'ambo ya bahari, akuulize mwanawe ameuguaje, nawe usiwe na cha kumjibu isipokuwa mpango ulioandikwa ili kuiridhisha bodi. Roho yako imekuelekeza vyema. Katika mapendekezo hayo matatu, la kwanza lina nusu ya ukweli, la pili halina faida, na la tatu linaweza kuwadhuru wale wale mnaotaka kuwalinda. Nitayajibu yote, kisha nitakueleza mambo mawili ambayo mimi ningeyatanguliza mbele ya kila kitu: hewa ya chumba cha kulala, na wepesi wa mtoto kusema "ninaumwa" saa ile ile anapoanza kuumwa.

Chemba ya dawa haihitaji maneno mengi. Virusi vya magonjwa ya njia ya hewa hukaa puani, kooni na mapafuni mwa mtu, na hakuna dawa inayomwagwa juu ya shati lake itakayovifikia huko. Mwezi Mei mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba watu wasinyunyiziwe dawa za kuua vijidudu kwa hali yoyote ile, kwa sababu dawa hizo huumiza macho, ngozi na njia ya hewa bila kupunguza uwezo wa mgonjwa kuwaambukiza wengine. Fedha hizo ziokoeni. Nitakuonyesha kazi yake.

Cheti cha kipimo kinastahili maelezo marefu zaidi, maana hapa ndipo watu wengi wenye nia njema hujikwaa. Mtoto akiambukizwa leo, kipimo cha kesho hakitaona kitu, kwa kuwa virusi huhitaji siku kadhaa za kuzaliana mwilini kabla ya kufikia kiasi kinachoweza kuonekana. Kwa UVIKO-19 dalili zilijitokeza kati ya siku 2 na 14 baada ya kuambukizwa, na kwa wengi ilikuwa karibu siku ya tano. Kwa homa ya mafua ni siku 1 hadi 4. Zaidi ya hapo, mtu huweza kuanza kuwaambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya. Kwa hiyo mtoto aliyeambukizwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege atafika langoni kwako na cheti halali kabisa, kipimajoto kitamruhusu apite, naye ataanza kukohoa usiku wa tatu akiwa katikati ya wenzake watano.

Hilo limekwisha kutokea, tena kwa idadi ya kutisha. Mwezi Juni mwaka 2020, katika kambi moja ya vijana ya kulala hapo hapo kambini, katika jimbo la Georgia, Marekani, kila aliyeingia alitakiwa kuonyesha kipimo safi kilichofanywa ndani ya siku 12 kabla ya kufika. Baada ya hapo watoto hawakulazimika kuvaa barakoa, walilala wengi katika banda moja, waliimba na kushangilia kila siku, na madirisha hayakufunguliwa ili hewa ipite. Kati ya watu 344 ambao majibu yao ya baadaye yalipatikana, 260 walikuwa wameambukizwa. Katika majira yale yale ya joto, kambi nne za jimbo la Maine zilipokea watu 1,022 kutoka pembe nyingi za Marekani na hata nje yake. Hao nao walipimwa, lakini kipimo kilikuwa sehemu moja tu ya mambo mengi: walijitenga majumbani kabla ya safari, wakapimwa tena siku chache baada ya kufika, wakakaa katika makundi madogo yasiyochanganyika, wakavaa barakoa, na shughuli nyingi zikafanyika nje. Walioonekana na virusi ni watatu, wakatengwa mapema, na haikuonekana hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake. Wapelekee wajumbe wa bodi mifano hiyo miwili pamoja, kwa sababu wote walipima, na waliosalimika ni wale waliopanga siku zinazofuata kipimo.

Kwa upande wako, hilo maana yake ni kwamba kipimo cha kufika kibaki, kirudiwe kati ya siku ya tatu na ya tano, na katika siku hizo za mwanzo wanafunzi wa chumba kimoja wahesabiwe kuwa kaya moja: wale meza moja, watumie bafu moja, waende pamoja uwanjani, na wasitembelee vyumba vya wengine. Akiugua mmoja, unawafuatilia watano badala ya 83. Kumbuka pia kwamba ugonjwa ukiwa mpya, huenda vipimo visiwepo sokoni kwa miezi mingi; hata mwaka 2020 vipimo vya haraka havikuenea hadi mwishoni mwa mwaka. Mpango unaoegemea kipimo peke yake hauna mguu wa pili wa kusimamia.

Sasa nije kwenye pendekezo la kuwarudisha wote kwao. Ninaelewa linakotoka: bodi inaogopa kubeba dhamana ya watoto wa watu, na mzazi naye hutamani mwanawe awe karibu. Mzazi mwenyewe akiomba mtoto wake arudi mapema, wakati safari bado ni salama na mtoto hajakaa karibu na mgonjwa, sioni sababu ya kumkatalia. Lakini kuwatawanya watoto baada ya mgonjwa wa kwanza kuonekana ni jambo jingine kabisa. Kufikia siku hiyo baadhi yao wameshaambukizwa bila kujua. Mtawapakia kwenye mabasi na ndege, watapita katika viwanja vya watu wengi, na mwisho watafikia nyumba ambazo huenda bibi na babu wanaishi humo. Tena safari hiyo yaweza kuwa ya kwenda bila kurudi. Australia ilifunga mipaka yake kwa wasio raia wala wakazi wa kudumu tarehe 20 Machi 2020, na wanafunzi wa kigeni walio nje hawakufunguliwa mlango kwa jumla hadi tarehe 15 Desemba 2021. Upande wa pili, mji wa Wuhan, China, ulifungwa kwa siku 76, na wanafunzi wa mataifa mengi, wakiwamo wa Afrika, walibaki katika mabweni ya vyuo kwa sababu hapakuwa na pa kwenda. Kwa mtoto aliyetoka mbali, bweni ndilo nyumbani kwake kwa wakati huo, na mpango wenu lazima uanze kwa kukubali kwamba ataugulia hapo na kuponea hapo.

Hatari ya bweni yenyewe ni kasi. Januari 1978, shule moja ya bweni ya wavulana nchini Uingereza ilifungua muhula ikiwa na wanafunzi 763 waliorejea kutoka likizo, baadhi yao kutoka nchi za mbali; mmoja aliyetoka Hong Kong alikuwa na homa ya siku chache katikati ya mwezi. Tarehe 22 walikuwapo wagonjwa watatu katika chumba cha wagonjwa. Kufikia tarehe 4 Februari, wavulana 512 walikuwa wamepitia kitandani kwa mafua. Kwa watu wazima wapatao 130 waliokuwa karibu na wavulana hao aliugua mmoja tu, kwani kirusi kile kilikuwa cha jamii iliyowahi kuzunguka duniani hadi miaka ya 1950, na wakubwa walikuwa na kinga ya zamani. Katika UVIKO-19 mambo yaligeuka, wazee ndio waliokufa zaidi. Kwa hiyo unapoandika mpango, usiamue mapema ni nani yuko hatarini. Waorodheshe pia wapishi, walinzi na walezi wenye umri mkubwa au maradhi ya kudumu.

Kitu kinacholipatia bweni kasi hiyo ni hewa ya usiku. Mchana watoto hutawanyika, huvaa barakoa, hutoka nje. Usiku hukaa saa nane au tisa katika chumba kimoja, bila barakoa, mlango umefungwa, wakivuta hewa waliyoitoa wenzao. Hewa ukaa, ile tunayoitoa tunapopumua, ni kipimo kizuri cha jambo hilo: nje huwa karibu sehemu 420 katika kila milioni, na chumba kinachopitisha hewa vizuri hubaki chini ya 800. Ikifika 1,200, karibu pumzi moja katika kila hamsini unayovuta imekwisha kupita mapafuni mwa mtu mwingine. Niliwahi kuweka kifaa cha kupimia katika chumba cha wanafunzi sita. Saa nne usiku kilisoma 640, saa kumi na moja alfajiri kilisoma 2,700, na vioo vya madirisha vilikuwa vimeloa mvuke wa pumzi zao. Usiku uliofuata tulifungua vioo vya juu vya madirisha ya pande mbili kwa upana wa kiganja, tukauacha mlango wazi kidogo na kumpa kila mtoto blanketi la pili. Alfajiri kifaa kilisoma 900. Hatukununua chochote zaidi ya mablanketi.

Hapa ndipo fedha za chemba ziende: vifaa viwili vitatu vya kupimia hewa ukaa, kurekebisha madirisha yaliyopigiliwa misumari au kukwama kwa rangi, nyavu za mbu ili watoto wasiogope kuyafungua, na kwa vyumba visivyo na dirisha la kutosha, mashine za kuchuja hewa zenye kichujio cha HEPA, yaani kinachonasa chembe ndogo sana. Watu wengi hudhani kiyoyozi kinaleta hewa mpya. Viyoyozi vingi vya ukutani huizungusha hewa ile ile ya chumbani baada ya kuipoza, basi chumba chenye baridi nzuri kinaweza kuwa ndicho kibaya kuliko vyote. Vitanda navyo visogezwe mbali kadiri chumba kinavyoruhusu, na watoto walale kichwa cha mmoja kikielekea miguu ya jirani yake. Mkiweza kupunguza kutoka sita hadi wanne kwa chumba wakati wa janga, fanyeni hivyo hata kama maktaba italazimika kuwa chumba cha kulala.

Wengine watakushauri kufunga lango kabisa. Kufunga huweza kufaa. Mji wa Gunnison, katika jimbo la Colorado, Marekani, ulizuia njia zake mwaka 1918 ukapunguza sana maafa ya mafua makubwa ya wakati ule. Lakini ulianza kabla ugonjwa haujaingia, na kila aliyetaka kuingia aliwekwa karantini kwanza. Ninyi mna wapishi na walinzi wanaokwenda makwao kila jioni. Lango lililofungwa kwa watoto na kufunguliwa kwa watumishi linawanyima watoto jua na uwanja bila kuwazuilia ugonjwa. Ninaona heri watumishi walipwe siku za kuugua, ili asiwepo mpishi anayekuja kazini akikohoa kwa kuogopa kukatwa mshahara.

Nimefika kwenye jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Wakati wa UVIKO-19 niliishauri shule moja ambayo kila asubuhi iliwapima wanafunzi joto kwenye paji la uso. Aliyekutwa na homa alipelekwa katika chumba nyuma ya ghala, akanyang'anywa simu kwa hofu kwamba ingebeba virusi, na jina lake likatajwa mstarini. Kijana wa miaka 14, aliyetoka nchi ya mbali, alikuwa akilowesha leso na kuibandika kwenye paji la uso dakika chache kabla ya foleni. Alifanya hivyo siku nne. Matroni alimgundua kwa sababu kola ya shati lake ilikuwa imelowa maji asubuhi ambayo wenzake wote walikuwa wakavu. Tulipomuuliza, alisema Jumapili ilikuwa siku ya kuongea na mama yake kwa simu ya video, na hakutaka kuikosa. Kufikia siku hiyo wenzake wanne wa chumbani walikuwa tayari wanaumwa. Wote walipona, lakini sijamsahau yule mtoto na leso yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Yule kijana hakuwa mkaidi. Sisi watu wazima tulikuwa tumemwekea bei kubwa ya kusema ukweli. Kwa hiyo pitia mpango wako mstari kwa mstari ukijiuliza: mtoto akisema anaumwa, atapoteza nini? Simu yake abaki nayo, ifutwe tu kwa kitambaa chenye spiriti. Mtihani aliokosa aufanye baadaye kwa haki ile ile, na hilo liandikwe na kutangazwa kabla ya janga. Jina lake lisitajwe hadharani. Chumba cha wagonjwa kiwe na dirisha linaloonyesha watu wakipita, taa ya kusomea, kengele ya kuita, na mtu mzima anayejulikana kwa jina ambaye ndiye anayekaa karibu usiku. Mpe kila mwanafunzi nafasi ya kuandika, kwa lugha ya kwao na kwa lugha ya shule, maneno ya kifua kubana, kizunguzungu, kutapika na maumivu ya shingo, kwa maana mtoto mwenye homa kali mara nyingi hurudi kwenye lugha ya mama yake.

Muwe macho vilevile na unyanyapaa. Ugonjwa ukitangazwa kwanza katika nchi fulani, watoto wa nchi hiyo wataanza kukwepwa mezani hata kama hawajafika kwao kwa mwaka mzima. Anayechunguzwa achunguzwe kwa sababu ya njia aliyopita na tarehe aliyosafiri, kamwe si kwa rangi ya pasipoti yake. Mlezi akisikia ugonjwa unaitwa kwa jina la taifa la mwanafunzi, aukemee mchezo huo siku ile ile.

Karatasi zishughulikiwe leo, wakati hakuna haraka. Unahitaji ridhaa ya maandishi ya mzazi kwa matibabu ya dharura, kwa kuwa saa nane za usiku kwako mzazi anaweza kuwa angani ndani ya ndege. Bima inayotaja wazi kwamba inalipa wakati wa janga. Nakala ya kadi ya chanjo iliyotafsiriwa, kwa sababu ratiba za nchi hutofautiana na mara nyingi utakuta dozi iliyorukwa. Na tarehe za mwisho za viza na pasipoti. Mlezi mwenyeji, yaani mtu wa nchini aliyeandikwa kumsimamia mwanafunzi wa kigeni, ni suala la peke yake. Wengi walitia sahihi ili viza itoke, na hawajawahi kufikiria kumlaza mtoto nyumbani kwao. Mpigie kila mmoja, umuulize kama ana chumba, kama anaishi na mzee au mgonjwa, na kama angempokea mtoto aliyekaa karibu na mwenye maambukizi. Majibu mengine yatakusikitisha, lakini utayajua mapema.

Kagua na dawa ambazo watoto huletewa na wazazi, kwa upole na bila kuwapekua kama wahalifu. Vidonge vya mafua vya nchi mbalimbali mara nyingi vina parasetamoli ndani yake, na mtoto akivimeza kisha mkampa parasetamoli ya shule, amezidisha dozi bila mtu kujua. Aspirini wasipewe kabisa watoto na vijana wenye homa ya virusi, kwa kuwa huweza kuleta ugonjwa adimu na hatari wa ini na ubongo.

Wazazi waandikie kila siku kwa saa ile ile, hata kama habari ni kwamba hakuna jipya. Mzazi aliye mbali anayekaa siku mbili bila habari hujaza pengo hilo kwa mambo mabaya kuliko yaliyopo.

Mwisho ni lini muache kujitegemea. Mgonjwa aangaliwe angalau kila saa nne, usiku pia, na mlezi aandike joto, pumzi kwa dakika, na kiwango cha oksijeni kwa kile kifaa kinachobanwa kidoleni. Kiwango kikishuka hadi 94 au 93, mpigie daktari. Kikiwa 92 au chini, ni dharura. Ila msikiegemee sana, maana vifaa hivyo huweza kuonyesha namba ya juu kuliko hali halisi kwa wenye ngozi nyeusi. Mtoto anayehangaika kupumua apelekwe hospitali hata kama namba ni nzuri. Vivyo hivyo anayepumua kwa haraka akiwa amelala, mwenye midomo iliyobadilika rangi, asiyeweza kumaliza sentensi, aliyechanganyikiwa au mgumu kuamshwa, aliyepata degedege, mwenye shingo ngumu au madoa yasiyofifia yakibonyezwa, asiyekojoa kwa nusu siku, au ambaye homa ilishuka kisha ikarudi kwa nguvu. Wenye pumu, selimundu, kisukari au moyo wasingojee dalili hizo. Daktari ajulishwe siku ya kwanza. Wakiugua watatu wa chumba kimoja au safu moja ya vyumba ndani ya siku tatu, ijulisheni mamlaka ya afya ya eneo lenu siku hiyo hiyo, bila kungoja majibu ya maabara.

Yupo pia mtoto ambaye hana homa lakini ameacha kula, halali, amejifungia, au anasema hana faida ya kuishi. Huyo naye ni mgonjwa wa janga. Asiachwe peke yake hata kwa saa moja, na mtaalamu wa afya ya akili aitwe siku ile ile, ikibidi kwa simu, na kwa lugha ambayo mtoto anaweza kulia nayo. Namba za daktari, za gari la wagonjwa, za mamlaka ya afya na za huyo mtaalamu ziandikwe kwa herufi kubwa ukutani, kando ya kitanda cha mlezi wa zamu ya usiku.